Honda Shadow ACE 1100: chuma nilichonunua Ohio, na sura za watu wakigundua ni Honda

Kitu cha kwanza utakachokiona ukinunua hii pikipiki ni kwamba watu wanakuja wanacheka alafu wanaondoka wamenuna. Niko sheli naweka mafuta, jamaa na Harley yake, ile pikipiki ya Kimarekani, anaingia upande wa pili, ndevu hadi kifuani, kizibao cha ngozi kimejaa mabeji, ananiona kwa mbali ananitikisia kichwa, anapaki, anakuja kabisa, "aisee mashine nzuri hiyo, ya mwaka gani?" Namwambia tisini na sita. Anainama kuangalia injini, macho yanapita kwenye krome, yanapita kwenye eksozi mbili, yanapita kwenye siti, mpaka yanakutana na jina. Hapo uso unabadilika kama mtu aliyekuwa anakula pilau akang'ata iliki nzima. "Ah. Honda." Basi maongezi yameisha hapo, anarudi kwenye pampu yake kana kwamba mimi ndo nilimuita.

Hii imenitokea sio mara moja sio mara tano. Nina miaka mitatu na hili dude hapa Columbus, Ohio, Marekani, na nimeshaacha kuhesabu. Kwa hiyo nikisema naandika rivyu ya pikipiki jueni nusu yake itakuwa rivyu ya watu, maana huwezi kuitenganisha hii Honda na wanaoiangalia.

Tuanze na chuma chenyewe. ACE ni kifupi cha American Classic Edition, yaani Mjapani alikaa chini akasema natengeneza pikipiki ya Kimarekani. Injini ya V silinda mbili, sisi 1,099, gia tano, inapozwa kwa maji lakini rejeta wameificha mbele katikati ya mabomba ya fremu ili usiione, na kwenye silinda wameweka mapezi kama ya injini ya kupozwa na upepo, ni urembo tu. Haina cheni wala mkanda, nyuma kuna shafti, unabadilisha oili yake mara chache umemaliza, hakuna kukaza cheni kila wiki na kuchafua suruali. Valvu zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili, hakuna kuzipima. Plagi ziko nne kwa silinda mbili, hilo lishike maana nitalirudia.

Ila kitu kinachonichekeshaga kuliko vyote kipo ndani ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Shadow 1100 za kabla yake zilikuwa zimepangwa zisitetemeke, injini laini kama cherehani mpya. Wateja wakasema hailii vizuri. Honda wakafanya kitu ambacho mhandisi yeyote mwenye akili zake lazima kilimuuma, wakachukua pistoni zote mbili wakazifunga kwenye pini moja ya krenki kama Harley, injini ikaanza kutetemeka na nguvu ikapungua kidogo, lakini ikaanza kulia ule mlio wa kuchechemea, du-dudu, du-dudu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Yaani waliiharibu kwa makusudi ili ipendwe. Na Harley nao hawakukaa kimya, 1994 walipeleka maombi serikalini wausajili ule mlio uwe alama yao ya biashara, kampuni nyingine zikapinga, kesi ikavutana mpaka 2000 wakaachana nayo. Hebu fikiria watu wazima wanapelekana kwa wanasheria kwa ajili ya mlio wa eksozi.

Nilinunua kwa dola 2,300 kutoka kwa mtu aliyeiacha gereji kwake miaka minne na mafuta ndani. Hapo ndo mateso yalianza. Nikafungua kabureta, ziko mbili, zimejibana katikati ya V mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila kuchubuka, nikafungua kikombe cha chini nikakuta petroli imegeuka kitu kama gundi ya kijani, inanuka vanishi. Jeti ya pole, kale kabomba kanakopitisha petroli injini ikiwa inaunguruma polepole, kitobo chake ni kama unywele. Nikatafuta waya wa kuzibulia nikakosa, mwisho nikachukua uzi mwembamba wa gitaa la jirani, nikaingiza taratiiibu, ukapita nusu ukagoma, nikaloweka usiku mzima kwenye dawa ya kabureta, asubuhi ukapita nikaona mwanga upande wa pili. Aisee ile furaha. Niliiinua ile jeti dirishani nikawa naichungulia kama nimepata almasi ya Mwadui. Mke wangu akaniuliza naangalia nini, nikamwambia mwanga, akaenda zake jikoni.

Tangu hapo haijanisumbua. Asubuhi ya baridi lazima uvute choki na uvumilie dakika mbili tatu, tangi ni lita 16 hivi na halina geji ya mafuta, unaendesha mpaka injini inaanza kukohoa alafu unashusha mkono unageuza bomba kwenye akiba huku lori liko nyuma yako. Utazoea. Barabarani ndo nyumbani kwake, inatulia, uzito wa kilo 260 na ushee unaisikia ukiwa unaisukuma tu. Nimeipeleka mpaka barabara ya 555 kule kusini mashariki, ambayo wenyewe wanaiita Triple Nickel, kona na vilima mfululizo kama unapanda Lushoto ila bila mabasi ya kukupigia honi. Kwenye kona kali vikanyagio vinakwangua lami mapema, hii sio ya mashindano, ukitaka kulala kwenye kona nunua nyingine.

Sasa turudi kwa watu. Huku waendeshaji wakipishana wanasalimiana, mkono wa kushoto unaushusha chini vidole viwili vimenyooka, maana wa kulia uko kwenye resi. Ni desturi nzuri kwelikweli, mwanzoni nilikuwa naisubiri kama mtoto. Kilichonichanganya ni kwamba kwa mbali wananipungia, sababu hii kitu kwa mbali ni Harley kabisa, alafu tukikaribiana nauona mkono unasita, mwingine anaurudisha kwenye hendo kama aliyegundua kamsalimia mtu asiyemjua. Yaani mpaka nikawa nautumia huo mkono kupimia umbali ambao mtu anaweza kutofautisha V ya Honda na V ya Harley, kwa hesabu zangu ni kama mita hamsini.

Wapo wanaosema wazi. Nje ya baa moja kuna kibao kimeandikwa hapa zinapaki Harley tu, nyingine zitapondwapondwa, ni utani, vibao hivyo vinauzwa kila mahali, lakini nilivyopaki karibu nacho mzee mmoja akanambia kwa upole kabisa, "kijana, hicho kichoma mchele ukipeleke kule." Kichoma mchele. Ndo jina lao la pikipiki za Kijapani, eti zinatumia mchele badala ya petroli kwa kuwa Mjapani anakula wali. Jamani. Mimi ni mtu wa Tanga. Unamtukana mtu wa Tanga kwa mchele? Kwetu wali wa nazi ndo sikukuu, ndo harusi, mgeni akija wa heshima hapikiwi ugali. Nilisimama pale nikawa natafuta tusi liko wapi. Nilivyomsimulia mama kwenye simu akasema "kwani wao wanakula nini?" nikamwambia mkate na nyama, akasema "basi waache."

Na ndo hapo nikamkumbuka mjomba. Mjomba alikuwa bwana shamba Muheza, na serikali ilimpa Honda XL 125 nyekundu. Miaka ile ukiona Honda inakuja kijijini ujue ni bwana shamba, padri, au mtu wa mradi, hakuna mwingine. Watoto tulikuwa tunaikimbilia nyuma tunanusa ule moshi. Mjomba alikuwa anaifunika kwa kanga ya shangazi jioni isipigwe na umande. Baadae zikaja za Mchina kwa wingi, SanLG, T-Better, Toyo, bodaboda ikawa kazi ya vijana, na wale wenye Mjapani wakawa wanawacheka wenye Mchina, "hilo bati mwezi ujao utauza skrepa." Alafu Boxer ya Mhindi ikaja nao wa Boxer wakawacheka wa Mchina. Kwetu hakuna hata moja tuliyotengeneza sisi, zote zimeshuka bandarini, lakini kijiweni kila mtu alikuwa na ya kwake ya kuita bati. Sasa mimi nimetoka kwenye nchi ambayo Honda ilikuwa inafunikwa kanga, nimefika kwenye nchi ambayo Honda inaambiwa ikapaki kule nyuma ya mapipa. Pikipiki ni ileile.

Sio wazee wa Harley tu bana. Vijana wa R1 na GSX-R, zile pikipiki za mbio, ambao nao wako juu ya Mjapani huyohuyo, wananiona kama nimekuja na pikipiki ya babu. Wenye BMW wananisalimia ila hawana la kuongea na mimi. Na Waswahili wenzangu sasa! Kazini kwetu ghalani Wakongo ni wengi, wa kwanza kuniona aliniuliza, "weye papa, uko na gari, moto ya nini tena?" Moto kwao ni pikipiki. Mtanzania mwenzangu akaniuliza kama nimekuja kupiga bodaboda Marekani na kwa kichwa ni dola ngapi. Siku ya harusi ya rafiki yetu nilifika nayo na kanzu nimeikunja ndani ya begi, mama mmoja akanisikitikia kweli, akamwambia mke wangu "gari limeharibika?"

Ila hadithi yenyewe ninayotaka kuisema ni ya chasis namba.

Nilikuwa naijaza bima, nikatakiwa nisome namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, upande wa kulia chini ya usukani. Imeziba kwa vumbi na grisi, nikaifuta kwa kitambaa na mate, nikaangaza kwa tochi ya simu. Inaanza na 1HF. Sikuelewa, nikajua nimesoma vibaya, maana nilidhani itaanza na J. Nikaanza kupekuapekua. Kumbe herufi ya kwanza ndo nchi iliyotengeneza, J ni Japani, na moja ni Marekani. Hii pikipiki imeundwa Marekani. Na sio Marekani huko mbali, ni Marysville, hapahapa Ohio, kilomita kama hamsini kutoka kitanda ninacholala, unatoka Columbus unashika barabara ya 33 kwenda kaskazini magharibi, hata kahawa yako haijapoa umefika. Honda walianza kuunda pikipiki pale 1979, mwaka uliofuata wakaanza Gold Wing, ile pikipiki yao kubwa ya safari ndefu, magari yalikuja 1982. Pikipiki wameunda zaidi ya milioni moja mpaka walipofunga upande huo 2009, Gold Wing ikahamia Kumamoto, Japani. Magari mpaka leo yanatoka pale.

Sasa fikiria. Ninaitwa mwenye pikipiki ya nje na mtu ambaye shangazi yake labda alikuwa anapanda zamu pale Marysville. Na hiyo sio yote. Siku moja kwenye mkutano wa jioni wa pikipiki, ile ya majira ya joto watu wanapaki wanakula soseji, jamaa na Harley yake ya miaka ya tisini alikuwa ananipa somo la kununua vya nyumbani. Mimi nimechuchumaa tu namsikiliza, macho yangu yako sawa na kabureta yake, nasoma Keihin. Keihin ni Mjapani, kabureta zangu mimi pia ni Keihin. Nikageuza macho kwenye foki za mbele, zile zilikuwa Showa, Mjapani mwingine. Sikusema kitu. Nilimwangalia akimalizia soseji yake nikamuuliza inakula mafuta kiasi gani tukaongea vizuri tu. Kuna vitu ukivisema unashinda ubishi unapoteza soseji.

Lakini nisiwe mtu wa kucheka tu, nimesoma nikaona na wao wana yao. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Harley walikuwa hoi. Kampuni ilikuwa imeuzwa kwa kampuni nyingine ya Kimarekani, AMF, tangu 1969, ubora ukashuka, 1981 mabosi kumi na tatu wakajichangisha na kukopa wakainunua, na huku maduka yamejaa pikipiki kubwa za Kijapani za bei ya chini zisizovuja oili. 1983 Rais Reagan akaweka ushuru kwa pikipiki za nje zinazozidi sisi 700, kutoka asilimia 4.4 mpaka 49.4. Honda wakafanya ujanja, Shadow ya 750 wakaipunguza ikawa 700 ili ipite chini ya kamba. 1987 Harley wenyewe wakasema ushuru uondolewe mapema, wameshapata nguvu. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini anayenuna akiona Honda, anakumbuka kitu, labda kaka yake alipigwa redandansi. Huyo namuelewa. Nisiyemuelewa ni kijana wa miaka ishirini na tano anayenuna kwa niaba, tena Harley wenyewe wana kiwanda Thailand tangu 2018.

Mwaka jana mwezi wa saba nilienda nayo mpaka uwanja wa mashindano wa Mid-Ohio, kwenye zile siku za pikipiki za zamani, uwanja mzima umejaa vyuma vya kila nchi na spea zimetandazwa chini kama mitumba Memorial. Nimepaki najifuta jasho, mzee mmoja mfupi, suruali ya kazi, akaja akasimama upande wa kulia. Hakuangalia tangi wala krome. Alipiga goti akachungulia shingoni kwenye ile namba, akasoma kwa sauti, akacheka peke yake. Nikamsalimia. Akanambia alifanya kazi laini ile miaka mingi, sehemu yake ilikuwa magurudumu na shafti. Akaizunguka mpaka nyuma, akaweka dole gumba kwenye nati ya ekseli, akaniuliza kama nimeshawahi kufungua tairi la nyuma, nikasema ndio, akauliza meno ya shafti nimeyapaka grisi gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo inakauka. Weka yenye molibdeni, alafu nyingi, sio kama unapaka mkate siagi wakati wa njaa." Hiyo ya njaa nimeongeza mimi, lakini ndo alimaanisha. Hakuniambia pikipiki nzuri, hakuniuliza ninatoka wapi, swali ambalo kila mtu huwa analianza nalo. Tuliongelea grisi kama robo saa, mke wake akaja kumchukua.

Nilivyorudi nilifungua tairi la nyuma siku hiyohiyo jioni. Meno yalikuwa makavu yameanza kutu nyekundu. Angechelewa mwaka mmoja ningenunua shafti.

Kwa hiyo ukiniuliza ninunue au nisinunue, nunua. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya tangi kutokuwa na geji na zile kabureta kukaa mahali pabaya. Angalia vitu vitatu kabla hujatoa hela: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uiwashe mwenyewe ikiwa baridi, ikikataa bila choki ni kawaida ila ikikataa hata kwa choki, kabureta hizo zimeziba, punguza bei. Pili muulize mara ya mwisho grisi ya shafti imewekwa lini, akikuuliza "shafti ina grisi?" punguza bei tena. Tatu chomoa plagi zote nne uziangalie, sio mbili, watu wengi wanabadilisha zile mbili zinazofikika wanaacha zile zilizojificha, mimi nilikuta moja ina umri kama wangu.

Na ukishainunua, futa ile namba ya shingoni vizuri uisome. Ya kwangu huwa naipaka vaselini isishike kutu. Juzi sheli mtu aliniuliza tena ni ya mwaka gani, nikaona macho yameanza safari yake kutoka kwenye eksozi kupanda juu, nikamwambia subiri, anzia hapa, nikamuwashia tochi.